Hayati Askofu Mkuu Munzihirwa wa Bukavu

Wenzangu mliopita shule hii, na ninyi vijana ambao bado mnaamka kwa kengele yake chini ya Uluguru,

Kila mwaka kidato cha sita kinapokaribia mtihani, mazungumzo ya mabwenini hugeukia JKT. Sisi tuliomaliza baada ya mafunzo yale kusimamishwa mwaka 1994 na kabla hayajarudishwa mwaka 2013 hatukuguswa. Lakini wazee wetu wanakumbuka tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya jeshi hilo, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Nimeona basi niwaletee maisha ya mtu wa nchi jirani ambaye suala la bunduki na dhamiri lilimkuta kwa namna ya pekee.

Christophe Munzihirwa alizaliwa mwaka 1926 huko Burhale, si mbali na Bukavu, mashariki ya Kongo. Alipata upadre mwaka 1958, akajiunga na Wajesuiti mwaka 1963, kisha akaenda Ubelgiji kusomea elimu ya jamii na uchumi katika Chuo Kikuu cha Leuven. Alirudi akiwa msomi na mlezi wa vijana wa shirika lake.

Mwezi Juni 1971 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, waliwakumbuka wenzao waliouawa na askari tarehe 4 Juni 1969. Mobutu alikasirika, akafunga chuo na kuwaingiza wanafunzi jeshini kwa nguvu. Munzihirwa alikuwa na miaka 45 na hakuna aliyemwita. Aliomba mwenyewe achukuliwe pamoja nao. Padre mzima, msomi wa Leuven, akaingia kambini na vijana.

Hapa msomaji atauliza: huyu ni mpenda amani wa aina gani, anayevaa sare? Wakatoliki wengi wanapotaja kukataa vita kwa dhamiri humtaja Franz Jägerstätter, mkulima wa Austria aliyekatwa kichwa tarehe 9 Agosti 1943 kwa kutokubali kumpigania Hitler. Maisha yake yaliandikwa mwaka 1964 na Gordon Zahn, msomi wa Marekani ambaye naye alikataa kubeba silaha katika vita ile ile. Njia ya Munzihirwa ilikuwa kinyume, lakini kwa maoni yangu chimbuko ni moja. Jeshi lilikuwa limegeuzwa fimbo ya kuwachapia wanafunzi, naye hakutaka wachapwe peke yao.

Miaka ya 1980 hadi 1986 aliwaongoza Wajesuiti wa Afrika ya Kati. Kisha akapelekwa Kasongo, akawa askofu wa mji ule wa Tippu Tip, ambako Kiswahili kilifika kwa misafara ya pwani, mingine ikipita hapa hapa kwetu Morogoro. Mwezi Machi 1994 akawekwa Askofu Mkuu wa Bukavu. Majuma machache baadaye mauaji ya kimbari yakaanza Rwanda, na ilipofika Julai wakimbizi walikuwa wamefurika mjini kwake.

Miongoni mwao walikuwamo wauaji wenye silaha. Munzihirwa alisisitiza kwamba si kila mkimbizi ni muuaji, na kwamba mama na mtoto wake hawawezi kulipia damu waliyoimwaga wengine. Kwa ajili hiyo wako waliomwona adui wa serikali mpya ya Kigali. Aliwaandikia wakubwa wa dunia kuomba vita izuiwe, lakini haikuzuiwa.

Oktoba 1996 waasi wa AFDL na askari wa Rwanda walipoukaribia mji, wakubwa wengi na wanajeshi wa Mobutu walikimbia. Askofu alibaki, akawasihi watu watulie. Jioni ya tarehe 29 gari lake lilisimamishwa mtaa wa Nyawera. Alishuka akiwaendea askari, msalaba wake mkononi, akapigwa risasi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 imeyaorodhesha mauaji hayo kuwa ya AFDL na jeshi la Rwanda.

Alikuwa na miaka 70. Maiti yake ililala barabarani zaidi ya siku nzima, mpaka vijana wachache wa seminari ya Waxaveri walipokwenda kuichukua na kuitayarisha kwa mazishi.