Oleg Losev: Tarishi wa maabara aliyechunguza nuru ndani ya jiwe

Tarehe 22 Januari 1942, katika jiji la Leningrad lililokuwa limezingirwa na majeshi ya Ujerumani, mwanasayansi mwenye umri wa miaka 38 alifariki dunia kwa njaa. Aliitwa Oleg Vladimirovich Losev. Taa za LED zinazomulika leo majumbani na barabarani zinatokana na jambo alilolichunguza kwa miaka mingi, lakini alipokufa ni wachache waliotambua thamani ya kazi yake.

Losev alizaliwa tarehe 10 Mei 1903 katika mji wa Tver, nchini Urusi. Alivutiwa na redio tangu ujana wake, na mwaka 1920 alikwenda Nizhny Novgorod, ilikokuwa maabara kuu ya redio ya dola changa ya Kisovieti. Kwa kuwa hakuwa na shahada, alianza kazi kama tarishi, huku akijifunza na kufanya majaribio kila alipopata nafasi.

Mwaka 1922 aligundua kwamba fuwele ya oksidi ya zinki, ikiguswa kwa ncha ya waya na kupewa umeme wa kadiri maalumu, huweza kukuza mawimbi ya redio. Hapo awali kazi hiyo ilifanywa na valvu za kioo. Redio aliyoiunda kwa njia hiyo iliitwa Kristadini, na sifa zake zilifika hadi Marekani.

Katika majaribio hayohayo aliona jambo lingine. Fuwele ya kaboni na silikoni, ambayo ni jiwe gumu linalotumika kunolea vyuma, ilitoa mwanga hafifu umeme ulipopita. Mwingereza Henry Round alikwisha kuutaja mwanga huo mwaka 1907, ila hakuufuatilia. Losev aliufuatilia. Alithibitisha kwamba haukutokana na joto: tone la kimiminika kinachokauka upesi, likiwekwa juu ya sehemu iliyong'aa, halikukauka kwa kasi zaidi. Aliona pia kwamba mwanga ungeweza kuwashwa na kuzimwa kwa haraka mno, na mwaka 1927 aliomba hataza ya kuutumia katika mawasiliano. Alieleza kuwa chanzo chake ni elektroni zinazobadili kiwango cha nguvu na kuitoa nguvu hiyo kama nuru.

Maabara ya Nizhny Novgorod ilipofungwa mwaka 1928, Losev alihamia Leningrad. Mwaka 1938 alitunukiwa shahada ya juu ya utafiti bila kutetea tasnifu, kwa kuzingatia machapisho yake. Hata hivyo, hakupewa maabara yake mwenyewe. Alikuwa akifundisha fizikia katika chuo cha tiba. Vita vilipoufikia mji huo mwaka 1941, alibaki humo, na majira ya baridi ya kwanza ya mzingiro yakamuua pamoja na maelfu ya wakazi wengine.

Mbegu aliyoipanda haikufa. Mwaka 1962 watafiti wa Marekani walitengeneza leza za kwanza za vipitishi nusu, yaani vitu ambavyo uwezo wake wa kupitisha umeme uko kati ya ule wa metali na ule wa vihami. Mwaka 1971, katika jiji lilelile la Leningrad, Rudolf Kazarinov na Robert Suris walipendekeza leza ambamo elektroni hushuka kati ya ngazi za nguvu zilizopangwa kwa matabaka membamba sana. Wazo hilo lilitimia mwaka 1994 katika maabara za Bell nchini Marekani. Katika leza hiyo elektroni moja huteremka ngazi baada ya ngazi, mithili ya maji ya maporomoko, na kutoa chembe ya nuru katika kila hatua. Leo leza za aina hiyo hutumika kutambua gesi chafu hewani.

Losev hakuiona hata moja kati ya hizo. Lakini swali zinalolijibu, yaani namna elektroni inavyogeuza umeme kuwa nuru ndani ya fuwele, ndilo alilolishughulikia kwa jiwe la kunolea na ncha ya waya.