Adrien Atiman, Mganga wa Karema

Anayeshuka Ujiji kuelekea ziwani huiona miembe ya zamani. Katika njia hiyo walipita watu wengi waliofungwa utumwani, wakipelekwa Tabora na hatimaye pwani. Wengi wao walikuwa watoto. Mara hii tunasimulia maisha ya mtu aliyeonja uchungu wa namna hiyo katika nchi ya mbali, kisha akaja kuishi kwenye mwambao wa ziwa letu na kuwahudumia wenye huzuni kama yake. Alikuwa Mkatoliki, nasi ni Waanglikana, lakini ziwa ni moja, na mfano wake unatufaa sote.

Adrien Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Angali mtoto mdogo alinyakuliwa na wafanya biashara ya watumwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Hakumzika baba wala mama, wala hakuagana nao. Ila tangu siku ile hakuwaona tena. Huo nao ni msiba, na ni mzito, maana hauna kaburi.

Kusini mwa Algeria alikombolewa kwa fedha na Mapadre Weupe. Inafaa tujue jinsi shirika hilo lilivyoanza. Katika miaka ya 1867 na 1868 Algeria ilipigwa na njaa na kipindupindu, na watoto wengi wakabaki bila wazazi. Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers aliwakusanya zaidi ya 1,000. Kulisha na kulea umati huo kulihitaji watu wa kujitoa. Mwaka 1868 akaanzisha shirika lake. Basi mlango uliofunguliwa kwa Atiman ulikuwa umejengwa na watu waliowahurumia yatima wengine kabla yake.

Lavigerie alikuwa na shauri la kuwasomesha vijana Waafrika waliokombolewa ili wawe waganga na makatekista kati ya Waafrika wenzao. Kwa ajili hiyo alifungua chuo katika kisiwa cha Malta mwaka 1881, na Atiman akawa mmoja wa vijana waliosomea uganga huko. Alipomaliza, mwaka 1888, alitumwa Afrika ya Mashariki. Alisafiri na msafara kutoka pwani, akafika Karema mwaka 1889, kijana wa miaka 23 hivi.

Karema ipo kusini mwa Kigoma, kwenye ufuko huu huu wa ziwa. Wabelgiji walijenga kituo pale mwaka 1879, na mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Siku hizo biashara ya watumwa ilikuwa bado inaharibu vijiji vya pande zote mbili za ziwa. Misheni ililea watoto waliokombolewa, ambao wengine walikuwa wametolewa mbali hata hawakujua njia ya kurudi kwao. Atiman alifika bila kuijua lugha ya mahali pale, lakini huzuni ya watoto wale hakuhitaji kufundishwa. Walimwona mganga mwenye ngozi kama yao, aliyewahi kuuzwa kama wao, naye amesimama. Bila shaka kumwona tu kulikuwa faraja.

Alioa Agnes Wansabira, binti wa Kibende, na mwana wao Joseph akawa padre. Mtu aliyeporwa jamaa zake alipata jamaa Karema.

Asubuhi alihudumia vidonda na homa. Kama katekista alifundisha, na kukaa kando ya wanaokufa na waliofiwa. Ugonjwa wa malale uliangamiza watu wengi wa mwambao, naye alikuwepo. Wajerumani walitawala wakaondoka, wakaja Wabelgiji, kisha Waingereza, naye alikuwepo. Alifanya kazi hapo miaka 67, mpaka alipofariki Karema tarehe 24 Aprili 1956, akiwa na umri wa miaka 90 hivi. Hospitali mojawapo ya Sumbawanga imepewa jina lake.

Ndugu zangu, tujifunze nini kwake? Atiman alibaki. Sisi hatuna upungufu wa watu siku ya mazishi. Mvuvi wa dagaa akizama, nyumba yake hujaa siku ile ile. Mama wanapika, vijana wanachimba kaburi, kwaya inaimba. Tanga likishaanuliwa, uani panabaki mjane, watoto wake, na taa ya karabai isiyo na mwenyewe. Ndipo huzuni ya mtoto inapoanza hasa, na ndipo sisi tumekwisha kwenda zetu.

Kujitolea kwa ajili ya watoto wa namna hii hakuhitaji elimu ya Malta. Nendeni wawili wawili, mwezi mmoja baada ya mazishi, na tena shule zinapofunguliwa. Msimwambie mtoto kwamba baba amesafiri; atamngoja, na siku akijua ukweli hatawaamini tena. Msimwambie mvulana wa miaka 10 kwamba sasa yeye ndiye baba wa nyumba. Mzigo huo ni wa watu wazima. Litajeni jina la marehemu, mwacheni mtoto asimulie, na akitaka kunyamaza, nyamazeni naye. Mkumbuke pia watoto wa kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996: wengine walivuka ziwa kutoka Kongo bila wazazi, wala hawakupata kuagana nao.

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba Mungu hutufariji ili nasi tuweze kuwafariji wengine. Atiman alifanya hivyo katika ufuko wetu. Bwana atupe moyo wa kubaki.