Marehemu Kleist Sykes, askari na baba

Kleist Abdallah Sykes alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu aliyeletwa na Wadachi kutoka Msumbiji awe askari wao, akafa maji akirejea katika vita vya Wahehe. Mwanawe hakupata kumjua. Yatima akalelewa na Affande Plantan, mwenziwe marehemu, akajifunza Kidachi, kisha naye akaingia uaskari. Katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918 alikuwa katika jeshi la von Lettow-Vorbeck.

Vita vilipokwisha hakukaa barazani kusimulia risasi. Alifanya kazi katika reli, akalisha watu wake kwa halali. Mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association, Dar es Salaam, akawa katibu. Mwaka 1933 yeye na wenziwe wakaasisi Al Jamiatul Islamiyya, wakajenga shule ya watoto wa Kiislamu.

Wanawe wa kiume walikuwa watatu: Abdulwahid, Ally na Abbas. Ikaja vita ya pili, Abdulwahid na Ally wakapelekwa Burma. Yule ambaye vita vilimnyima baba akawa baba wa kungojea wana vitani. Mwenyezi Mungu akawarejesha salama.

Kleist alifariki mwaka 1949. TANU ilipoasisiwa mwaka 1954, wanawe hao wawili walikuwa katika kazi ile, kwani walikwisha kuiona nyumbani kwao. Mwenye watoto na azingatie. Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.