Victor Hasselblad na Kamera Yake

Katika watu walioendeleza kazi ya kupiga picha, hapana budi kumtaja Victor Hasselblad. Alizaliwa tarehe 8 Machi, 1906, katika mji wa Göteborg, Uswidi. Jamaa zake walikuwa wafanyabiashara, na tangu siku za babu yake waliuza vifaa vya picha vya George Eastman wa Marekani.

Victor alipofika umri wa miaka 18 alipelekwa Dresden, Ujerumani, akajifunze kazi ya kamera na lenzi. Kisha alifanya kazi Ufaransa na Marekani, akajuana na Eastman mwenyewe. Lakini moyo wake ulipenda sana ndege wa mwituni. Aliwavizia kwa kamera, na mwaka 1935 akatoa kitabu juu ya ndege wahamao. Hakupatana na baba yake katika biashara, basi mwaka 1937 akafungua duka lake mwenyewe.

Mtu apigaye picha za ndege huijua vema shida ya filamu nyeusi na nyeupe. Filamu ya kasi ya 50 ina chembe ndogo mno za fedha, hutoa picha laini ionyeshayo kila unyoya, lakini yataka mwanga mwingi. Filamu ya kasi ya 400 hutosheka na sehemu moja ya nane ya mwanga huo, hivyo hufaa kwa ndege arukaye au aliye kivulini. Ila chembe zake ni kubwa, na picha ikikuzwa sana huwa kama imenyunyiziwa mchanga.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Jeshi la Anga la Uswidi lilimletea kamera ya Kijerumani iliyotoka katika eropleni, likamwuliza kama aweza kuunda ya namna ile. Yasimuliwa kwamba alijibu hawezi kuunda iliyo sawa nayo, ila iliyo bora kuliko hiyo. Akaiunda.

Vita vilipokwisha akatengeneza kamera ya watu wote, akaionyesha New York mwezi wa Oktoba, 1948. Filamu yake ilitoa picha za mraba, sentimeta 6 kwa 6. Kupata picha ya mraba ya sentimeta 30, filamu hii hukuzwa kadiri ya mara 5 tu, hali ile ndogo ya milimeta 35 hukuzwa mara 12 na zaidi. Kwa hiyo chembe hazijitokezi sana, hata za filamu ya kasi kubwa. Tena filamu ilikaa katika kisanduku cha nyuma chenye kuondoleka. Mtu aliweza kutia filamu ya 50 katika kisanduku kimoja na ya 400 katika kingine, akabadili katikati ya kazi bila kuharibu picha hata moja. Aliweza pia kupiga kitu kilekile kwa filamu zote mbili, akazilinganisha.

Lakini kamera zile za kwanza zilikuwa dhaifu. Kilango cha mwanga kiliharibika mara kwa mara, nyingi zikarudishwa kiwandani, na jina lake likawa hatarini. Hakukata tamaa. Mwaka 1957 alitoa kamera mpya yenye kilango ndani ya lenzi, nayo ikawa imara. Mwaka 1969 kamera za kiwanda chake zilifika mwezini katika chombo cha Apollo 11, pamoja na filamu za rangi na za nyeusi na nyeupe. Kamera iliyotumika juu ya mwezi iliachwa hukohuko kupunguza uzito. Filamu zikarudi duniani.

Bwana Hasselblad alifariki mwaka 1978. Mali yake nyingi ilianzisha mfuko wa kusaidia elimu na picha. Mwaka 2003 tuzo ya mfuko huo ilimfikia Mwafrika, Malick Sidibé wa Mali, aliyesifika kwa picha nyeusi na nyeupe za vijana wa Bamako.

Wanafunzi wenzangu, siku hizi twapiga picha kwa simu bila kufikiri. Maisha ya mtu huyu yatufunza kwamba hakuna filamu iliyo bora kwa kila kazi. Ijue kazi yako kwanza, kisha chagua chombo chake. Na kikivunjika, kitengeneze tena.