Aliichapa Uingereza uwanjani, akaifia Handeni

UKITOKA Korogwe mjini ukaishika barabara ya kwenda Handeni, unaingia kwenye nchi ya Wazigua, nchi ya mahindi, ng'ombe na vichaka vya miiba. Ukifika Handeni usiishie hapo. Endelea kusini kama kilomita 13 hivi, unaikuta Kang'ata. Jioni vijana wa huko wanapiga mpira wa miguu kama kijiji kingine chochote nchini. Ukiwauliza kuhusu raga, watakwambia ni ule mchezo wa kwenye televisheni, wa mpira wenye umbo la yai.

Lakini Juni 20, 1916, kwenye pori la Kang'ata, aliuawa mchezaji wa timu ya taifa ya raga ya Afrika Kusini, Springboks. Na si mchezaji wa kupita tu. Miaka mitatu na nusu kabla ya siku hiyo alikuwa kwenye kikosi kilichokwenda kuzichapa timu za Uingereza nyumbani kwao, moja baada ya nyingine, hadi ikakosekana ya kubaki.

Jina lake Gerald Thompson. Alicheza mechi tatu tu za taifa. Ukijumlisha matokeo ya mechi hizo tatu unapata hivi: Springboks 57, wapinzani 0.

Halafu vita ilipokuja, akafa akiwa upande wa walewale aliowachapa.

Uhasama ulioanza kabla hajajua kusoma

Thompson alizaliwa mwaka 1886 Carnarvon, mji mdogo wa wafugaji wa kondoo katika nyanda kame za Koloni la Cape. Alipokuwa na umri wa miaka minne, mwaka 1891, timu ya kwanza ya raga kutoka Uingereza ilitua Afrika Kusini. Ilicheza mechi 20, ikashinda zote 20. Ilikuwa kama timu ya ligi kuu imekwenda kucheza na shule ya msingi.

Wageni walirudi mwaka 1896, na safari hii mambo yakaanza kubadilika. Wenyeji walipoteza mechi tatu za mwanzo, lakini ya nne, pale Cape Town, wakavaa jezi za kijani na kushinda 5-0. Ule ndio ulikuwa ushindi wa kwanza wa taifa lile katika raga, na kijani hicho ndicho wanachovaa mpaka leo.

Kisha ukaja ugomvi usio wa uwanjani. Mwaka 1899 Makaburu waliingia vitani na Uingereza. Vita ile iliisha 1902 kwa Uingereza kushinda, lakini ilishinda kwa kuchoma mashamba na kuwafungia wanawake na watoto kambini, ambako zaidi ya 20,000 walikufa kwa njaa na maradhi. Thompson alikuwa kijana wa miaka 15 kuelekea 16 vita ilipokwisha. Kizazi chake chote kilikulia kwenye majivu hayo.

Ndiyo maana raga ya Afrika Kusini na Uingereza haikuwa mchezo wa kupoteza muda. Mwaka mmoja tu baada ya amani, 1903, Waingereza walikuja tena. Mechi mbili za kwanza zikaisha kwa sare, ya tatu wenyeji wakashinda 8-0 na kubeba mfululizo. Waliopigwa vitani walikuwa wamepata mahali pa kujibu.

Deni la mwaka 1906

Mwaka 1906 ukawa wa Afrika Kusini kusafiri. Nahodha alikuwa Paul Roos, na ni katika ziara hiyo timu ilianza kuitwa Springboks, jina la swala wa kwao. Waliwafunga Ireland na Wales, wakatoka sare 3-3 na England. Lakini Scotland iliwatandika 6-0 kule Glasgow. Wakarudi nyumbani na sifa nyingi pamoja na doa moja.

Wakati huo kazi ya kuzifunga timu zote nne za visiwa vile katika ziara moja ilionekana haiwezekani. New Zealand, wakali kuliko wote, walijaribu mwaka 1905 wakakwama kwa Wales. Springboks nao wakakwama kwa Scotland. Kila mgeni alikuwa na mahali pake pa kujikwaa.

Huko nyuma Thompson alikuwa anapanda. Alikuwa fowadi, akaichezea Western Province, jimbo la Cape Town na viunga vyake. Kwa asiyejua raga, fowadi ndiye anayefanya kazi ya ubebaji mizigo. Anaingiza kichwa kwenye skramu, anasukumana, anagombea mpira chini ya rundo la watu, halafu akishaupata anawapa wenzake wenye mbio wakafunge na kushangiliwa. Magazeti huandika majina ya wafungaji. Fowadi huandikwa pale anapoumia.

Siku 21 za Thompson

Kikosi cha mwaka 1912 kiliongozwa na nahodha Billy Millar. Ndani yake kulikuwa na ndugu watatu wa familia ya Luyt, na akina Morkel nao walikuwa wengi kiasi cha kumchanganya mtangazaji. Wote walikuwa wazungu. Weusi wa Afrika Kusini walikuwa wakicheza raga miaka hiyohiyo, lakini mlango wa timu ya taifa haukufunguliwa kwa ajili yao hadi miaka ya 1980.

Novemba 23, 1912, uwanja wa Inverleith mjini Edinburgh. Wapinzani ni Scotland, walewale wenye lile doa. Thompson akaanza. Springboks wakashinda 16-0. Deni likalipwa na riba.

Wiki moja baadaye, Novemba 30, wakawa Dublin. Ireland, ambao miaka sita nyuma walikuwa wamewahenyesha kweli na kufungwa kwa pointi tatu tu, safari hii walichinjwa 38-0. Wakati huo trai, yaani kuuvusha mpira mstari wa wapinzani na kuugusisha chini, ilikuwa na pointi tatu tu, si tano kama leo. Springboks walifunga trai kumi. Hiyo si mechi, ni msiba.

Desemba 14 ikawa zamu ya Wales, pale Cardiff Arms Park. Hapa ndipo New Zealand walipozamia. Hakukuwa na mteremko. Mafowadi wa pande zote mbili walibanana dakika 80, na tofauti ikawa penalti moja tu iliyopigwa na Douglas Morkel. Ikaisha 3-0. Mechi za namna hiyo, zinazoamuliwa na pointi tatu, hushindwa na wale wanaosukuma chini ya rundo. Thompson alikuwa mmoja wao.

Siku 21, mechi tatu, pointi 57 kwa 0. Hapo ndipo hesabu yake ya mechi za taifa ilipoishia.

Wenzake waliimalizia kazi. Januari 4, 1913, kule Twickenham, England walitangulia kwa trai ya Ronald Poulton, kijana aliyekuwa anakimbia kama anateleza kwenye barafu. Jackie Morkel akajibu kwa trai yake, Douglas Morkel akaongeza penalti mbili, ikawa 9-3. Wiki moja baadaye Ufaransa nao wakala 38-5. Kwa mara ya kwanza timu ya wageni ilikuwa imezifunga England, Scotland, Ireland na Wales katika ziara moja. Klabu za Newport na Swansea pamoja na kikosi cha London ziliwahi kuwashusha njiani, lakini timu za taifa hakuna iliyopona.

Kutoka jezi ya kijani hadi magwanda ya kaki

Agosti 1914 dunia ikalipuka. Afrika Kusini, ikiwa chini ya himaya ya Uingereza, ikaitwa. Baadhi ya Makaburu waligoma, wakashika silaha dhidi ya serikali yao wenyewe, wakazimwa. Waliowazima walikuwa majenerali Louis Botha na Jan Smuts, nao ni Makaburu waliopigana na Uingereza miaka michache tu iliyotangulia.

Februari 1916 Smuts akapewa amri ya majeshi yote ya Uingereza Afrika Mashariki, kazi ikiwa kuwang'oa Wajerumani katika koloni ambalo leo ni Tanzania Bara. Maelfu ya vijana wa Afrika Kusini wakaja naye. Thompson alikuwa katika Kikosi cha Tano cha Askari wa Miguu.

Walikuja na dharau. Walidhani wanakuja kucheza na timu dhaifu, maana jeshi la Kanali Paul von Lettow-Vorbeck kwa sehemu kubwa lilikuwa la askari weusi. Februari 12, kwenye kilima cha Salaita karibu na Taveta, brigedi iliyokuwa na kikosi hichohicho cha tano ilikula kipigo chake cha kwanza, ikakimbia. Waliosimama imara na kuwakinga wasimalizwe walikuwa askari wa Kihindi, ambao nao walikuwa wamedharauliwa. Dharau zikapungua siku hiyo.

Mwishoni mwa Mei jeshi la Smuts likaanza kushuka na Mto Pangani, milima ya Pare na Usambara ikiwa kushoto kwake. Wajerumani walikuwa wanarudi nyuma, wakitumia reli ya Tanga na njia ya vitoroli iliyotoka Mombo kwenda Handeni. Juni 9 wakapambana Mkalamo. Katikati ya Juni Korogwe ikachukuliwa, siku chache baadaye Handeni nayo ikaanguka. Kwenye ramani ilikuwa raha. Ardhini askari walikuwa wanatembea kwa chakula nusu, malaria na kuhara vinawapukutisha, mbung'o wanaua farasi, maji ya shida.

Juni 20 Kikosi cha Tano kikatumwa mbele kwenda Kang'ata. Askari wa Lettow-Vorbeck walikuwa wamejificha kwenye kichaka kizito, bunduki zimelenga njia. Waafrika Kusini wakatembea moja kwa moja hadi ndani ya mtego. Walishambuliwa vibaya, wakapoteza watu wengi, lakini hawakukimbia kama Salaita.

Thompson hakutoka. Alikuwa na miaka 29.

Hakuwa peke yake. Wiki tano kabla, Mei 15, Jackie Morkel, yule wa trai ya Twickenham, alikuwa amekufa kwa kuhara damu katika vita hiyohiyo ya Afrika Mashariki. Wawili waliosimama pamoja Edinburgh, Dublin na Cardiff wakafia katika nchi moja ambayo hawakuwahi kucheza hata mechi moja. Na Poulton, aliyewafunga kwa upande wa England, alikuwa ameshauawa na mdunguaji kule Ubelgiji, Mei 1915. Uhasama wa uwanjani uliisha hivyo, pande zote mbili zikizikwa kwa bendera moja.

Mafowadi wasio na majina

Ukisimama Kang'ata leo, hoja haiishii kwa Thompson. Yeye jina lake limeandikwa. Kikosi chake kinajulikana, siku aliyokufa inajulikana, hata pointi za mechi zake zinajulikana. Nyuma yake, kwenye njia hiyohiyo ya Korogwe na Handeni, walipita wapagazi wa Kiafrika waliobeba unga, risasi na majeruhi wa majeshi yote mawili. Vita ile iliwaua wapagazi kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa njaa na maradhi kuliko risasi. Wazigua waliokuwa hapo tangu mwanzo waliona maghala yao yakikombwa na watu ambao hawakuwakaribisha. Wengi wa hao hawana hata mstari mmoja kwenye kitabu.

Kumbukumbu yao kubwa imebaki mahali ambapo mashabiki wa soka hupita kila siku bila kujua. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916, kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kiliwekewa kambi mjini. Jina likasagwa na ndimi za wenyeji mpaka likawa Kariakoo. Ndiyo Kariakoo hiyo ya Msimbazi na Jangwani, ya Simba na Yanga.

Kwa hiyo kila watani wa jadi wanapokutana na nchi nzima ikasimama kwa ajili ya dabi ya Kariakoo, jina linalotajwa ni la wale waliobeba mizigo ya vita iliyommaliza Thompson. Yeye alikuwa fowadi, mtu wa kusukuma ili wengine wafunge. Katika vita ile wapagazi ndio waliokuwa mafowadi wenyewe.