Claude Monet na Machweo ya Étretat

Claude Monet alizaliwa jijini Paris, Ufaransa, tarehe 14 Novemba 1840, lakini alilelewa Le Havre, mji wa bandari katika eneo la Normandy. Huko alikutana na mchoraji Eugène Boudin, aliyemshawishi atoke nje akachore mbele ya bahari na anga yenyewe badala ya kutosheka na vikaragosi vilivyokuwa vikimletea fedha za ujanani.

Mwaka 1874 Monet na wenzake waliandaa maonyesho yao wenyewe jijini Paris. Mhakiki mmoja aliichukua anwani ya mchoro wake wa jua likichomoza bandarini akaigeuza dhihaka, na dhihaka hiyo ikawa jina la kundi zima: Waimpreshonisti. Miaka mitano baadaye mkewe, Camille, alifariki, akimwachia wana wawili.

Mapema mwaka 1883 alirejea pwani ya Normandy, kwenye magenge ya Étretat. Huko alichora machweo: jua li karibu kuzama, wekundu umetanda angani, nalo genge lenye tao limesimama kama kivuli. Kwa kuwa nuru haimngoji mtu, Monet alizoea kubeba michoro kadhaa kwa pamoja, akiuacha mmoja na kuushika mwingine kila mwanga ulipobadilika.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Monet aliyajua ya Normandy tangu utotoni, lakini mnamo Novemba 1885, akichora chini ya magenge hayo hayo, alikosea kukadiria kujaa kwa maji. Wimbi likambamiza kwenye jabali, likamnyang'anya mchoro na vifaa vyake. Alinusurika kwa tabu. Hata hivyo, mwaka uliofuata alikwenda kuichora miamba ya Belle-Île, kwenye bahari iliyo kali zaidi.

Uzeeni alipatwa na mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji mwaka 1923, kisha akaendelea kuchora hadi karibu na kifo chake huko Giverny, tarehe 5 Desemba 1926.

Genge la Étretat ni lile lile katika michoro yake mingi; kilichobadilika ni nuru. Basi sisi tuliozoea kutenga fani na maudhui katika uhakiki wetu hatuna budi kujiuliza: katika machweo yale, maudhui ni genge, au ni nuru iliyoliangukia?