King Gillette: mtu aliyechoka kunoa wembe

Msikilizaji wetu, leo kinyozi wa Mkwajuni huchana karatasi na kutoa wembe mpya. Zamani haikuwa rahisi hivyo. Mtu alikuwa na wembe mmoja mnene wenye mpini, akautunza miaka mingi. Kabla ya kunyoa aliusugua kwenye mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia. Ukizidi kuwa butu, ulirudi kwenye kinoo. Hapo ulilazwa bapa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, kisha ukasukumwa kwa mkono mwepesi, makali yakitangulia, upande huu na upande ule kwa zamu. Aliyekandamiza aliharibu makali, na shavu lake likachubuka.

King Camp Gillette alizaliwa Januari 5, 1855, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, akakulia Chicago. Moto mkubwa wa mwaka 1871 uliteketeza mali ya familia yake, naye akaingia kwenye kazi akiwa kijana. Baadaye akawa muuzaji wa bidhaa anayezunguka miji. Mwajiri wake mmoja, William Painter, ndiye aliyebuni kizibo cha bati cha chupa ya soda. Painter alimshauri naye abuni kitu ambacho watu wakishakitumia wanakitupa, kisha wananunua kingine.

Asubuhi moja ya mwaka 1895, Gillette alikuta wembe wake umekufa makali. Mkanda haukusaidia tena, ulihitaji fundi wa kunoa. Ndipo akawaza wembe mwembamba wa bei nafuu, usionolewa kamwe. Wataalamu walimwambia chuma chembamba hivyo hakitashika makali. Hakukata tamaa. Mhandisi William Nickerson akatengeneza mashine za kazi hiyo, na mwaka 1901 kampuni ikaanzishwa Boston. Mwaka 1903 iliuza vishikio 51 tu na nyembe 168. Mwaka uliofuata vishikio vilivyouzwa vilizidi 90,000.

Gillette alifariki Julai 9, 1932, sehemu kubwa ya utajiri wake ikiwa imepotea katika mdororo wa uchumi.

Yeye alitafuta biashara, lakini wembe wa kutupa umetuachia kinga pia. Wembe uliogusa damu ya mtu unaweza kumwambukiza mwingine virusi vya UKIMWI au homa ya ini. Basi ukikaa kwenye kiti cha kinyozi, mwombe afungue wembe mpya mbele ya macho yako.